Makofi na Mizomeo: Wacheza Gemu Mbele ya Jukwaa la E3

Tarehe 12 Desemba 2023, ESA, chama cha kampuni za michezo ya video nchini Marekani, kilitoa taarifa fupi kwamba maonyesho ya E3, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1995, yamefungwa na hayatarudi tena. Wacheza gemu wakagawanyika papo hapo. Wapo walioomboleza. Wapo waliosema afadhali, maana maonyesho yenyewe yalikuwa yamekufa siku nyingi na kilichobaki kilikuwa mazishi tu. Na mara nyingi waliosema hayo mawili walikuwa watu wale wale, kwa sababu mtu aliyekesha mwaka hadi mwaka kutazama E3 ndiye pia aliyekuwa hodari wa kuikejeli.

Mhadhara huu unaanzia hapo. Ni rahisi kusema kwamba wacheza gemu hawana shukrani, kwamba leo wanashangilia na kesho wanatukana. Jibu hilo halitoshi. Mtu akifuatilia yaliyotokea katika ukumbi ule kwa karibu robo karne, ataona kwamba shangwe na mizomeo vilikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Kampuni ilisimama mbele ya watu, ikataja bei, sharti au ahadi, na watu wakajibu pale pale. Mara nyingine jibu hilo lilibadili sharti. Mara nyingine halikubadili kitu. Na zipo nyakati ambapo waliojibu wenyewe walipumbazwa huku wakipiga makofi.

Kabla ya 1995, kampuni za gemu zilikuwa zikionyesha bidhaa zao CES, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki vya nyumbani, ambako televisheni na redio za kaseti zilipewa heshima na gemu zikasukumwa pembeni. Zikachoka, zikaanzisha maonyesho yao. Yalifunguliwa tarehe 11 Mei 1995, na siku hiyo hiyo yakazaa kisa kinachosimuliwa hadi leo. Tom Kalinske, mkuu wa Sega nchini Marekani, alitangaza kwamba mashine ya gemu ya Saturn, iliyokuwa ikisubiriwa Septemba, tayari imo madukani kwa dola 399. Alikuwa anataka kuiwahi Sony, mgeni katika biashara hii. Zamu ya Sony ilipofika, Steve Race wa kampuni hiyo alipanda jukwaani, akataja namba moja tu, 299, bei ya PlayStation, kisha akarudi kuketi. Ukumbi ukalipuka.

Itakuwa chumvi kusema kwamba makofi ya siku moja yaliiangusha Sega. Saturn ilipelekwa kwa wauzaji wachache tu, na waliorukwa wakaghadhibika. KB Toys, kampuni kubwa ya maduka ya vitu vya kuchezea, ikakataa kabisa kuuza bidhaa za Sega. Gemu zenyewe zilikuwa chache, kwa kuwa watengenezaji walikuwa wakijiandaa kwa Septemba. Ilipofika 2001 Sega ilitangaza kuachana na utengenezaji wa mashine. Lakini ule ukumbi wa 1995 ndio uliopata habari mapema kuliko wote: tofauti ya dola mia moja ilisikika pale pale.

Anayepata picha ya viwanja vya maonyesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam, ambako mwenye tiketi huingia na wanawe, akala na kununua na kurudi nyumbani na mzigo, aiweke kando picha hiyo. E3 ilikuwa ya wenye kazi yao. Aliyetaka kuingia alipaswa kuthibitisha kwamba anafanya kazi katika biashara ya gemu, anaziuza au anaziandikia. Mchezaji wa kawaida aliyasoma hayo kwenye magazeti ya gemu, wiki kadhaa baadaye, yakiwa yamechujwa na waandishi. Katikati ya miaka ya 2000 ndipo televisheni na intaneti zilipoanza kumleta ukumbini kwa macho. Tangu hapo E3 ikawa na hadhira mbili: ile iliyoketi mle ndani, ambayo ilichanganya waandishi, wafanyakazi wa kampuni na mashabiki walioalikwa, na ile kubwa zaidi ya nje, ambayo haikuwa na deni la adabu kwa mtu yeyote.

Sony ndiyo iliyoonja kwanza ukali wa hadhira hiyo ya pili. Mwaka 2005 ilionyesha video ya vita ya Killzone iliyowaacha watu midomo wazi. Baadaye ikajulikana kwamba yale hayakuwa gemu. Yalikuwa filamu iliyotengenezwa kuonyesha gemu inavyotarajiwa kuwa. Gemu yenyewe, Killzone 2, ilitoka Februari 2009, na kwa haki ilikuwa nzuri, lakini somo lilikuwa limekwisha kuingia. Kuanzia hapo, kila trela ilipokwisha, swali la kwanza la mchezaji aliyechomwa lilikuwa hili: je, hiyo inachezwa, au inatazamwa tu?

Mwaka uliofuata Sony ilipanda jukwaani na PlayStation 3. Bei: dola 499 kwa mashine yenye hifadhi ndogo, 599 kwa yenye hifadhi kubwa. Ukimya uliofuata ulikuwa wa watu wanaopiga hesabu. Kabla ya hapo, mtengenezaji mmoja alikuwa amesimama kuelezea gemu ya Genji, akisema imejengwa juu ya vita vilivyopiganwa kweli katika historia ya Japani, na mara kaa mkubwa kuliko nyumba akajitokeza kwenye skrini. YouTube ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kaa yule, bei ile, na sauti ya Kaz Hirai wa Sony akilitaja kwa furaha jina la gemu ya Ridge Racer, vikakatwakatwa na kuunganishwa kuwa vichekesho ambavyo wacheza gemu wanavitaja mpaka leo. Hata hivyo PlayStation 3 iliuza zaidi ya mashine milioni 87, na Hirai aliyechekwa akawa rais wa Sony nzima mwaka 2012. Kwa hiyo kejeli haikuwa utabiri. Ilichokuwa ni upinzani wa bei, na bei ilishuka: mwaka 2009 mashine nyembamba ya PlayStation 3 iliuzwa dola 299, namba ile ile ya Steve Race.

Waandaaji waliwahi kujaribu kuifanya E3 iwe ya kistaarabu. Baada ya mwaka 2006, ulioleta watu wapatao 60,000, kampuni kubwa zililalamika kuhusu gharama za vibanda, kelele na msongamano. Mwaka 2007 maonyesho yakahamishiwa Santa Monica kwa mwaliko maalumu, watu kama 10,000 tu. Mwaka 2008 yakarudi Los Angeles yakiwa na watu 5,000, na ukumbi mkubwa ukapwaya. Wachezaji wakachoka, waandishi wakachoka, na kampuni zenyewe zikagundua kwamba utulivu haumfanyi mtu atamani gemu. Mwaka 2009 kelele zikarudishwa.

Mwaka ambao hauna budi kukaliwa kwa muda mrefu zaidi ni 2013.

Microsoft ilikuwa imeitangaza Xbox One mwezi Mei, na mapema Juni ikaeleza masharti yake. Mashine ingehitaji kuunganishwa kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zisingecheza. Diski ya gemu ingefungamanishwa na akaunti ya mnunuzi, na kuiuza au kumpa rafiki kungefuata kanuni za mchapishaji wa gemu. Mkuu wa kitengo hicho, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti, alijibu kwa maana kwamba mashine yao ipo, inaitwa Xbox 360. Ile ilikuwa mashine ya mwaka 2005.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezewa sana maana ya masharti hayo. Katika banda la gemu la mtaani, ambako vijana hulipia mechi ya FIFA na kupokezana padi, diski moja hulisha wateja wengi, na ikichosha huuzwa au hubadilishwa na nyingine. Kuongeza sharti la intaneti ya kila siku juu ya umeme unaokatika ni kulifunga banda. Ila huku hatukuwa hata kwenye hesabu. Microsoft ilitaja nchi 21 ambazo Xbox One ingefanya kazi itakapoanza kuuzwa, na hapakuwa na hata moja ya Afrika wala Asia. Japani haikuwemo. Poland haikuwemo pia, ingawa kampuni ya Poland, CD Projekt, ilikuwa imeleta The Witcher 3 kwenye jukwaa la Microsoft lenyewe. Yaani waliotengeneza gemu ile wasingeweza kuicheza kwao kwenye mashine iliyokuwa ikitangazwa kwa kazi yao. Wapolandi waliliona hilo upesi sana.

Tarehe 10 Juni asubuhi, saa za Los Angeles, Microsoft ilionyesha gemu nyingi na ikataja bei, dola 499. Kuhusu masharti ikanyamaza. Jioni ikawa zamu ya Sony. Huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya tarehe 11, na waliokuwa macho hawakujuta. Jack Tretton wa Sony alisimama akaanza kutaja, jambo moja baada ya jingine, kile ambacho PlayStation 4 haitakifanya: haitazuia gemu zilizokwisha kutumika, haitadai intaneti kwa anayecheza peke yake, haitamkagua mtu kila saa 24. Kila sentensi ilikatwa na makofi. Mwenzake Andrew House akaja na bei ya dola 399. Mtandaoni Sony ikaachia video ya sekunde chache ya "maelekezo" ya kumwazima rafiki gemu: Adam Boyes na Shuhei Yoshida, wote wa Sony, wanapeana kasha la diski mkono kwa mkono, mwisho wa somo.

Siku tisa baadaye Microsoft ilifuta masharti yote mawili. Mwanzoni mwa Julai Mattrick akaondoka kwenda kampuni ya gemu ya Zynga. Na katikati ya 2014 Xbox One ikauzwa bila kamera ya Kinect, kwa dola 399. Kama kuna mtu anayehitaji ushahidi kwamba mizomeo ni nguvu ya kweli, ushahidi ndio huo. PlayStation 4 iliuza zaidi ya mashine milioni 117 na Xbox One haikufika karibu.

Lakini kisa hiki kina pande mbili zinazosahaulika, na ndizo zinazokifanya kiwe kizito. Kwanza, masharti yalipofutwa, yakafutwa pia manufaa yaliyokuwa yameambatana nayo, hasa mpango wa kumwezesha mtu kuchangia maktaba yake ya gemu na jamaa hadi kumi. Baadhi ya wacheza gemu wakaanzisha ombi la hadharani la kutaka Xbox One irudishwe kama ilivyotangazwa E3. Walichekwa sana. Na bado, tukitazama jinsi watu wanavyonunua gemu leo bila diski, bila haki ya kuuza wala kuazima, ni vigumu kusema kwamba walikuwa wapumbavu.

Pili, jioni ile ile ya makofi, Sony ilifahamisha kwamba kucheza na wenzako mtandaoni kwenye PlayStation 4 kutahitaji ada ya PlayStation Plus. Kwenye PlayStation 3 jambo hilo lilikuwa bure. Habari hiyo ilipita katikati ya shangwe na hakuna aliyeizomea. Ukumbi uliokuwa umejaa hasira dhidi ya sharti moja ulimeza jingine huku ukipiga makofi, na wenye PlayStation wanalilipia mpaka sasa. Umati, hata ukiwa upande wa haki, husikia kile ulichojiandaa kusikia.

Miaka iliyofuata ilitawaliwa na hisia. Mwaka 2015 Sony ilileta jukwaani mambo matatu ambayo mashabiki walikuwa wameyakatia tamaa: The Last Guardian, iliyokuwa imeonyeshwa mara ya kwanza 2009, Final Fantasy VII iliyotengenezwa upya, na Shenmue III, ambayo ilifungua mchango wa hadharani palepale na kufikisha lengo la dola milioni mbili kabla ya saa tisa kupita. Watu walilia kweli, na picha zao zipo. Malipo ya machozi hayo yalichelewa: The Last Guardian ilitoka Desemba 2016, Shenmue III Novemba 2019, Final Fantasy Aprili 2020. Waliochangia Shenmue III walipata pigo la ziada E3 ya 2019 ilipotangazwa kwamba toleo la kompyuta litauzwa kwenye duka la Epic pekee kwa kipindi fulani, wakati wengi wao walikuwa wakitegemea duka la Steam. Walidai warudishiwe fedha, na mwishowe wanaotaka wakarudishiwa.

Mwaka 2017 milango ilifunguliwa kwa umma, tiketi 15,000. Hapo tena maoni yakagawanyika, safari hii kwa sababu za kawaida kabisa za foleni. Mchezaji aliyelipa dola 250 alisimama saa nyingi ili kucheza dakika chache gemu itakayouzwa miezi michache baadaye, na mwandishi aliyekuja kufanya kazi akashindwa kupita. Wenye kukumbuka uzuri wa mwaka ule humtaja Davide Soliani wa Ubisoft, aliyebubujikwa na machozi akiwa kwenye viti baada ya Shigeru Miyamoto wa Nintendo kumsifu kutoka jukwaani. Mhadhara huu hauoni aibu kukiri kwamba hata mwenye kuishuku biashara hii huguswa na tukio hilo.

Kisha Juni 2019, mwigizaji Keanu Reeves alitokea kwenye jukwaa la Xbox kutangaza tarehe ya kutoka kwa Cyberpunk 2077, gemu ya CD Projekt, na ukumbi ukawa kama umepandwa na mashetani. Gemu ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na kasoro nyingi mno, hasa kwenye PlayStation 4 na Xbox One za kawaida. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa dukani kwake na kurudisha fedha za wanunuzi. Ilikaa nje hadi Juni 2021. Wawekezaji waliishtaki CD Projekt nchini Marekani na shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.85. Hiyo ilikuwa kampuni ile ile ya Poland iliyoonyesha The Witcher 3 mwaka 2013. Baadaye ilirekebisha gemu, na ilipotoa nyongeza yake mwaka 2023, wengi waliotukana wakarudi kusifu. Hakuna kigeugeu hapo. Walipewa kitu kibovu wakasema kibovu, walipopewa kizuri wakasema kizuri.

E3 yenyewe ilikuwa inavuja damu. Nintendo iliacha hotuba ya jukwaani tangu 2013 ikahamia kwenye video zake za Nintendo Direct. Kampuni ya EA ilitoka kwenye ukumbi mkuu 2016. Sony haikuja kabisa 2019, na mwaka huo huo ESA iliacha wazi mtandaoni taarifa za binafsi za waandishi zaidi ya 2,000, kosa ambalo waandishi hawakulisamehe. Uviko-19 ukafuta maonyesho ya 2020. Yale ya 2021 yakafanywa mtandaoni, ya 2022 na 2023 yakafutwa.

Kampuni hazikulia. Video iliyorekodiwa haina ukimya baada ya bei kutajwa. Haina mtu wa kucheka kaa. Mahali pa E3 pakachukuliwa na onyesho la mtangazaji Geoff Keighley, Summer Game Fest, lililoanza 2020, ambako nafasi nyingi za trela hununuliwa. Mwaka 2024 jarida la Esquire liliripoti kwamba dakika moja iligharimu dola 250,000. Wacheza gemu wananung'unika kwamba wanakaa saa mbili kutazama matangazo ya biashara. Wana haki, ingawa E3 nayo ilikuwa matangazo ya biashara tangu siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba zamani mtangazaji alikuwa akikutazama machoni.

Je, mizomeo imekwisha? Imehama. Mei 2024 Sony iliamuru wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation Network, huduma ambayo haipo rasmi katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 170. Watu waliokwisha kuilipia waliandika Steam maoni mabaya zaidi ya laki mbili, na baada ya siku tatu amri ikafutwa. Wachezaji wa nchi zisizotajwa kwenye orodha za 2013 walikuwa sasa na kura kama ya mtu wa California.

Aprili 2025 hali ilikuwa nyingine. Nintendo ilitangaza Switch 2 kwa dola 449.99 na gemu ya Mario Kart World kwa 79.99. Kwenye matangazo mubashara yaliyofuata, safu ya maandishi ya watazamaji ilijaa ombi moja tu, lililorudiwa na kurudiwa: shusheni bei. Waliokuwa mbele ya kamera waliendelea kucheza wakitabasamu. Bei haikushuka, na Juni mashine zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa kwa siku nne. Mwezi huo huo Microsoft ilitangaza The Outer Worlds 2 kwa dola 79.99, ikalaumiwa, na mwezi Julai ikairudisha hadi 69.99 na kuwarejeshea tofauti waliokuwa wamekwisha kuagiza. Kampuni moja ilijua watu watalalamika na watanunua. Nyingine haikuwa na hakika kwamba watanunua.